Upande wa Pili wa Sinia

12 Januari

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Mgongo unauma lakini ni wa kazi, si wa kuumwa. Naamini na nyie mnaamka salama.

Simu usinipigie. Imedumbukia kwenye zege tulipokuwa tunamwaga nguzo. Nyapara alikataa kusimamisha kazi. Sasa nguzo ina simu, mimi sina. Barua mpe dereva wa lori la saruji, yule kipara, anapita hapo kwenu akienda kupakia. Mtu mzuri, ila mdomo.

Chiriku ameanza darasa la kwanza? Viatu vimemtosha? Nilimpima kwa kijiti nikaacha nafasi ya kidole mbele. Niambie anaandika nini. Mwambie baba yake alijua kuandika akiwa tayari na ndevu, kwa hiyo asiogope.

Usiniandikie marefu. Nasoma polepole.

Mdogo wako.


26 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa tunaamka, tunakula, hatujambo. Nguo za kufua ni nyingi, jua ndilo linajificha. Pole na mgongo. Pole na simu, siku nguzo hiyo ikiita mwenye nyumba atahama.

Viatu vimetosha. Kuanza ameanza. Umesema nisiandike marefu, lakini jambo lenyewe si fupi, kwa hiyo kaa chini.

Mwanzo walichora vijiti. Vya kusimama, vya kulala, halafu duara kama yai. Chiriku akafanya vizuri, mwalimu akamsifu. Mwalimu wao ni binti mrefu, mpole, anapita dawati kwa dawati akiwaonyesha kushika penseli kwa vidole vitatu wasiishike kama mwiko. Shida imekuja kwenye herufi. Za Chiriku zote ziko kichwa chini, miguu juu. Anaanzia chini ya ukurasa, kulia, anakwenda kushoto. Mwalimu alidhani ameshika daftari vibaya, akamgeuzia. Chiriku akaanza upya, chini, kulia.

Wenzake wanamwita Popo. Wanamwambia usiku ukilala ning'inia. Mwalimu mkuu kasema akifika likizo bado anaandika hivyo, anarudishwa chekechea.

Kuna jingine. Unajua tangu wifi afariki mtoto haongei. Chiriku limebaki jina tu. Sasa akitoka shule anachukua lile sinia la bati, anamwaga unga kidogo, anautandaza kwa kiganja. Anaweka kigoda upande wa pili wa sinia. Hakikaliwi na mtu. Anaandika kwa kidole, halafu anainua macho, anangoja. Anangoja kiasi cha mtu kusoma. Kisha anafuta.

Nilitaka kumkaripia, unga si wa kuchezea. Nimeshindwa. Ungeona anavyongoja.

Dada yako.


5 Februari

Dada,

Shikamoo. Afya ipo. Tumeanza lipu, mikono imechubuka.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Popo mwambie ni mnyama wa maana, anaona pale wengine wanapojigonga.

Umeniambia anaandika. Hukuniambia anaandika nini. Nenda ukasome.

Mdogo wako.


17 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi kifua kinabana kidogo, ni sabuni. Mtoto mzima wa mwili.

Nimekwenda kusoma. Nilisimama nyuma yake, sikuambulia kitu. Nikazunguka. Kwenye kigoda sikukaa, nakuambia kweli, nilisimama nyuma ya kigoda. Kutoka pale ikasomeka sawasawa kama gazeti. Ameandika: maji.

Akainua macho. Hakunitazama mimi. Alitazama hapa kiunoni kwangu, pale ambapo mtu aliyekaa kichwa chake kingefika. Akangoja. Akafuta. Akaenda kwenye ndoo, akachota kikombe, akakiweka juu ya kigoda polepole bila kumwaga.

Kikombe hicho anakiweka kila siku, nilikuwa nadhani ni chake anakisahau. Sisemi maji yanapungua. Nasema tu asubuhi sijawahi kukikuta kimejaa.

Mwalimu naye yamemkuta. Chiriku anakaa dawati la mbele kabisa. Mwalimu aliinama kuokota chaki iliyoanguka mbele ya dawati, kuinuka akasoma daftari bila shida. Maji. Kaa. Funika. Akazunguka nyuma ya mtoto, zikawa miguu juu. Akarudi mbele, zikasimama. Jioni akaja hapa nyumbani, bado ana vumbi la chaki kwenye nywele. Akaniambia, "Shangazi, huyu mtoto anajua kuandika. Wenzake bado wako kwenye a e i o u, yeye ana maneno. Nataka kujua kitu kimoja. Anamwandikia nani?"

 Nilimkaribisha, akakaa. Kisha akaona amekalia kigoda, akasimama mwenyewe bila kuambiwa.

Jirani muuza mkaa anasema nyumba isafishwe, aitwe mtu anayejua mambo hayo. Nimemwambia ajisafishe yeye kwanza, ana masizi mpaka masikioni. Lakini moyo wangu haujatulia. Kigoda nimekitoa nje. Sinia nimempa huyo huyo jirani alitunze.

Usikasirike.

Dada yako.


3 Machi

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako na lori halijapita. Nakuandikia hivyo hivyo, mwenye nguvu za kungoja ni wewe.

Chiriku haandiki tena. Hata miguu juu haandiki. Penseli akipewa anaishika, halafu vidole vinaachia, inabingirika hadi chini. Mwalimu anaiokota, anampa, inabingirika. Amemletea udongo afinyange herufi, wapi. Amemwambia achore hata vijiti, wapi. Nyumbani anakaa pale pale alipokuwa anaweka sinia, mikono mapajani.

Kikombe bado anaweka. Sasa anakiweka sakafuni, pale kigoda kilipokuwa. Jana nilikipiga teke kwa bahati mbaya. Akaenda kuchota kingine. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza.

Likizo inakaribia.

Dada yako.


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na kifua. Mimi mzima. Lori lilikatika ekseli, barua zako mbili zimefika pamoja.

Rudisha sinia. Rudisha kigoda. Leo, kabla hujafua.

Halafu nijibu swali. Wifi yako alipokatika sauti, wewe ukienda kufua alikuwa anaombaje maji?

Mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Vimerudi. Jirani alikuwa ameanikia dagaa kwenye sinia, nimelisugua mpaka likaacha kunuka.

Swali lako. Nilikuwa namwachia Chiriku. Nilidhani wifi anaelekeza kwa mkono. Nikirudi nakuta sinia kitandani, unga kwenye shuka, unga kwenye nyusi za mtoto. Nilidhani wanacheza kupika. Nikawa nawagombeza wote wawili, mgonjwa na mtoto. Wifi akawa ananitazama tu, na mimi nikadhani ananikubalia.

Mtoto alikaa sakafuni, kifua kwenye ukingo wa kitanda. Wifi amelala ubavu, anamtazama. Sinia katikati yao, na kidole cha wifi kwenye unga.

Sasa naelewa kwa nini nilikuwa nakuta kikombe mkononi kwa wifi kila siku, na mtoto ambaye hafiki hata mezani ndiye aliyekuwepo.

Dada yako.


20 Machi

Dada,

Salamu. Nisikilize.

Mimi alinifundisha kwenye sinia hilo hilo. Unakikumbuka chumba chetu, kitanda huku, jiko kule, mkeka katikati. Watu wawili hawakuweza kukaa ubavu kwa ubavu. Alikaa kule, mimi huku. Aliandika kwa kidole, mimi nikaona herufi zimesimama vizuri. Sikufikiri. Mpaka siku moja nikamuuliza, mbona ukiandika kwangu zinasimama, kwako ziko miguu juu? Akacheka. Akasema, nazigeuza kichwani kabla hazijafika kwenye kidole. Wewe usijaribu, kichwa chako kimejaa saruji.

Mimi alinigeuzia. Mtoto hakumgeuzia. Hakuwa anafundisha. Alikuwa na kiu. Aliandika ilivyotoka, mtoto akaisoma ilivyomfikia, na hivyo hivyo ndivyo anavyoandika.

Nilijua aliumwa. Sikujua aliishiwa nguvu mpaka kugeuza herufi kukamshinda. Yeye, aliyekuwa akigeuza huku anakoroga uji. Hilo limenifikia juu ya jukwaa, mwiko mkononi. Lipu ikakauka kwenye ndoo. Nyapara akanitukana, nikamwacha amalize.

Mwambie mwalimu asisimame mbele ya mtoto. Mbele pana mtu. Akae ubavuni.

Mdogo wako.


28 Machi

Mdogo wangu,

Hapa wazima, tuseme hivyo.

Mwalimu alikuja nyumbani. Nilimsomea barua yako. Alivua viatu, akakaa sakafuni ubavuni kwa Chiriku, sinia mbele yao, kigoda kule. Akaandika m kwenye unga. Akamshika Chiriku mkono wakaifuata pamoja, panda, shuka, panda, shuka. Akamwachia. Chiriku akaandika yake mwenyewe, imesimama, m nzuri kabisa.

Akaitazama. Akatazama kigoda. Halafu akaifuta haraka kama mtu aliyemwaga kitu kwenye nguo ya mgeni.

Na akaongea. Mdogo wangu, sauti nilikuwa nimeisahau, imekuwa nzito kidogo. Akasema, "Nikigeuza, mama atasomaje?"

Mwalimu akatoka nje. Mimi nikaingia jikoni. Watu wazima wawili, kila mmoja anatazama ukuta wake, na mtoto katikati anangoja jibu.

Jibu ni lako. Wewe ndiye baba. Mwalimu kaenda kumwomba mwalimu mkuu ampe mtoto nafasi hadi shule zikifungua. Kakubaliwa kwa shingo upande. Baada ya hapo ni chekechea, na mwalimu anasema akirudishwa huko na hali hii penseli hataishika tena.

Jibu upesi.

Dada yako.


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Niko sawa. Karatasi ya pili ni ya Chiriku. Usimsomee. Mpe asome mwenyewe.

Mstari wa mwisho nimeuandika miguu juu. Fundi Bomba ninayelala naye chumba kimoja alinicheka. Akasema, mzee, si ugeuze karatasi tu? Nikamwambia mke wangu hakugeuza sinia. Nimeharibu karatasi nyingi. Jasho limenitoka kuliko kwenye zege.

Mdogo wako.


2 Aprili

Chiriku mwanangu,

Hujambo? Baba yako hajambo.

Umeuliza mama atasomaje. Swali zuri. Nakujibu.

Mama yako alinifundisha mimi kwenye sinia lako. Alikaa mbele, mimi huku. Aliandika kwa upande wangu. Kwake zilikuwa miguu juu na alizisoma zote. Nikikosea aliona kabla yangu. Nilijaribu kumdanganya siku moja, akanipiga kofi la unga.

Kwa hiyo ukigeuza hatapotea. Anasoma upande huu na upande ule. Hapa chini nimeandika kama alivyokuwa akiniandikia. Hati yangu ni mbaya. Yake ilikuwa nzuri.

Chiriku mama anasoma kote.

Baba yako.


4 Mei

Mdogo wangu,

Usione kimya. Nilikuwa naogopa kukuandikia mapema, nikasema nisije nikalitia jambo nuksi.

Karatasi yako aliisoma peke yake mlangoni, kwa kidole, neno kwa neno. Alipofika mstari wa mwisho aliusoma moja kwa moja bila kugeuza karatasi. Kisha akanionyesha. "Baba hakugeuza karatasi," akasema. "Ona, imepinda." Akacheka. Nilikuwa nimebeba ndoo, nikaitua.

 Siku zikapita. Anaandaa sinia, anatandaza unga, haandiki. Anatazama kigoda, anatazama unga. Nikajisemea tumeshindwa. Shule zikafungua. Mwalimu mkuu akaulizia.

Siku moja nimerudi na furushi la nguo kichwani, nakuta sinia liko tayari, lakini mbele yake hakuna kitu. Kigoda amekihamisha. Amekiweka ubavuni kwake, kimegusana na goti lake. Ameandika kwenye unga, na mimi nikiwa mlangoni nyuma yake nikasoma bila kuzunguka. Kaa hapa mama.

Nikasimama na furushi langu. Sikujua kama niingie.

Alikuwa amesogea, mdogo wangu. Kwenye mkeka alikuwa amejibana kwenye kona, kama mtu aliyeacha nafasi.

Kesho yake shuleni aliandika mstari mzima umesimama. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuja kuona, akavaa miwani, akavua, akasema haya. Popo hawamwiti tena. Sasa wanataka awafundishe kuandika miguu juu, wanaona ni uchawi mzuri. Anakataa.

Sasa anaongea. Si kama zamani, lakini ameanza kunikatiza nikiongea, na mimi namwacha.

Kikombe bado anaweka. Hilo sijaligusa. Na bado asubuhi sijakikuta kimejaa, na paka hatuna, kwa hiyo usianze.

Anakuandikia. Amenifukuza nisione.

Dada yako.


4 Mei

baba

shikamo

mimi mzima

naandika sawa

mama kahama

yuko huku na mimi

kule mbele hakuna mtu

njo

mwanao


11 Mei

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Dereva kipara aliisoma njiani. Amekiri mwenyewe, alisema ilimbidi asimamishe lori. Nimemsamehe.

Mistari yako imenyooka. Nimepiga lipu miaka mingi, najua kilichonyooka.

Niliiweka juu ya mfuko wa saruji, nikaenda kukaa upande wa pili. Nilitaka kuiona vile mama yako angeiona kabla hajahama. Sikuambulia neno. Nilikaa hivyo hivyo mpaka Fundi Bomba akaniuliza nimepoteza nini.  Upande ule kulikuwa na baridi kidogo.

Lipu imekwisha. Rangi si kazi yangu. Nyapara nimemuaga, amenuna, atatulia. Barua hii simpi dereva. Nitapanda naye, nayo mfukoni, na utaisoma mimi nikiwa nimeshakaa.

Kigoda ni cha mama yako, kiache hapo hapo ubavuni. Mimi nitakaa chini, kule mbele, kwa kuwa umesema hakuna mtu.

Shuleni mwandikie mwalimu zinazosimama. Lakini zile za zamani usizisahau. Kichwa changu kimejaa saruji, kugeuza siwezi, na wa kunigeuzia umebaki wewe. Tandaza unga. Niandikie kwa upande wangu.

Nikifika nitakuwa na kiu.

Baba yako.